Diski Iliyokwisha Kabla ya Itebero

Siku ambayo kiti cha Omer kilibaki kitupu ilianza kwa harufu. Ilikuwa harufu nzito, kama ukwato wa ng'ombe unaoungua, na iliingia kupitia sakafu ya gari wakati Land Cruiser ilipokuwa ikikwea kilima kirefu ndani ya msitu, baada ya Walikale. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote, lakini magurudumu yalizunguka polepole, kisha hayakuzunguka kabisa. Gari likasimama katikati ya mpando, pua juu, mzigo nyuma.

"Mama Merdi, usiogope," Omer alimwambia mke wake, Kavuo. "Iko ambreyaji tu."

Kavuo hakuogopa. Alikasirika. Alikuwa na maharagwe, viazi na fromaji, yaani jibini, za Karuba nyuma ya gari, na duka lake la Itebero lilikuwa limebaki na sabuni na chumvi peke yake.

"Si uliweka diski mupya nyuma ya Pasaka?"

"Niliweka."

"Na yule wa duka, alisema itafanya miaka ngapi?"

"Alisema mingi." Omer akacheka, akapangusa jasho kwa mkono. "Yeye anauza diski, Mama Merdi. Hapandi nayo Masisi."

Alisema kweli. Diski ya ambreyaji, yaani klachi, ndiyo inayoshikanisha injini na magurudumu, na kwenye barabara tambarare huweza kuishi mpaka mwenye gari asahau aliinunua wapi. Lakini kutoka Sake kupanda Mushaki, kisha Karuba na Kirolirwe, malori yalikuwa yamezama kwenye matope, na magari madogo yalisubiri nyuma yao kwenye mpando. Breki ya mkono ya gari hili ilikufa zamani, kama za magari karibu yote ya njia ile. Kwa hiyo Omer alilizuia gari kwa mguu, nusu pedali ya ambreyaji, akisogea kidogo, akisimama, akisogea tena. Kila kusubiri kulikula diski.

"Ng'ombe yangu ingekuwa imeshafika, na imeshazaa," alisema Mama Libérata kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa mkulima wa Karuba, na maharagwe yale yalitoka shambani kwake. Alikuwa akienda Itebero kumwona binti yake Uwitonze, aliyejifungua mtoto wa kwanza.

"Ng'ombe yako ingepakia magunia haya yote, mama?" Omer akamuuliza.

"Ingekataa. Ng'ombe iko na akili."

Wakacheka wote, hata Evode, msaidizi wa gari, aliyekuwa ameketi juu ya magunia. Akaruka chini na kigogo chake mkononi, kipande cha mti mgumu kilichochongwa kama kabari.

Madereva wa huko wana desturi moja. Gari likisimama mlimani, dereva huzima injini na kutia gia ya kwanza, na msaidizi huweka kigogo nyuma ya gurudumu. Gia ndiyo breki yao ya mkono. Wamekula chini ya magari yaliyosimamishwa hivyo, wamelala chini yake mvua ikinyesha. Omer alitia gia ya kwanza bila kuitazama. Evode alikipiga kigogo kwa kisigino mpaka kikakaa.

"Iko muzuri, kaka."

Omer alitandika gunia tupu kwenye tope, akachukua spana na kuingia chini ya gari. Kichwa chake kilikuwa chini ya sanduku la gia. Miguu yake ilitokea pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele.

Mvua ya msituni haianzi kwa matone. Ilishuka yote pamoja, na maji mekundu yakaanza kukimbia barabarani. Kavuo alikuwa amesimama kando, mfuko wa plastiki kichwani. Alikiona kigogo kwanza. Kilikuwa kinatembea.

Alitaka kusema jina. Alisema "eeh" tu.

Gari lilirudi nyuma bila sauti yoyote ya injini. Gurudumu la mbele lilipanda juu ya Omer, likashuka upande wa pili. Nyuma ya gari ikagonga ukingo wa udongo, na gari likatulia. Libérata alikuwa akimenya hindi la kuchemsha ndani ya gari, na lilipotulia bado alikuwa na hindi lile mkononi.

Omer hakupiga kelele. Alilala mvuani macho wazi, mkono mmoja ukishika spana. Nyonga yake ilikuwa imekaa mahali ambapo nyonga haikai.

"Gia ilikuwa ndani," Evode alisema. Alikuwa amepiga magoti. "Niliiona kwa macho yangu. Gia ilikuwa ndani, kaka!"

"Ilikuwa ndani." Omer alijibu kwa sauti ya mtu anayejibu jambo la kawaida. "Lakini gia inashika kwa njia ya diski. Diski imekwisha. Hakuna kitu kilikuwa kinashika. Ile mambo ninaijua. Sikuwaza."

Mama Libérata ndiye aliyesogea wa kwanza. Alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga Omer kiunoni kwa nguvu, akakaza tena, na Omer akalia mara moja tu.

"Nyuma ao mbele?" akauliza.

"Nyuma iko mbali," Evode akasema. "Mbele kuko kituo cha afya Itebero. Lakini kuko muto."

"Daraja iko?"

"Jana ilikuwa, madereva walisema."

"Basi mbele. Kata miti miwili."

Evode aliingia msituni na panga. Kavuo akapanda juu ya mzigo. Alihitaji magunia, na magunia yalikuwa yamejaa. Alichukua kisu, akapasua mshono wa gunia la kwanza, mkono ukasita. Akamtazama Libérata, mwenye shamba.

"Mwaga, mutoto yangu," Libérata akasema. "Mwaga yote."

Maharagwe yalishuka barabarani, mekundu juu ya tope jekundu, na maji yakaondoka nayo.

Walipitisha miti ndani ya magunia wakapata kipoyi, machela ya kubebea wagonjwa wa vijiji visivyo na njia. Evode alibeba nyuma peke yake. Mbele, Kavuo alishika mti mmoja na Libérata mwingine. Mti ulikuwa mbichi na ulimkata Kavuo begani. Viatu vilibaki kwenye tope hatua za kwanza, akaviacha. Siafu walipanda miguuni, na hakukuwa na mkono wa kuwatoa.

Kutoka kwenye kipoyi, Omer aliwaongoza kama anavyoliongoza gari.

"Shuka na kisigino, Mama Merdi. Vile. Evode, usisukume." Kisha, mlima ulipoanza tena: "Musisimame kwenye mupando. Mukisimama, kuanza itawashinda."

Hawakusimama. Kavuo alikuwa na wazo moja tu, kumfikisha Itebero akiwa anasema. Maadamu alikuwa anasema, njia ilikuwa inapungua.

"Nipe mayi," Omer akaomba walipokitua kipoyi kileleni.

"Hapana," Libérata akasema. "Ameumia ndani, asikunywe." Akalowesha ncha ya kitambaa kwenye jani lililojaa mvua, akampangusa midomo. Mvua ilikuwa inawamwagikia wote, na mtu mmoja alikuwa na kiu.

"Mama Merdi," akaita walipokwisha kukiinua tena.

"Niko hapa, Papa Merdi."

"Fromaji usiache ndani ya gari. Itanuka."

"Nyamaza na fromaji yako," Kavuo akasema, akicheka na kulia, bila kugeuka, kwa sababu kugeuka kungetikisa mti.

Walifika mtoni mchana ukiwa umefifia chini ya miti. Daraja la magogo lilikuwepo, lakini maji yalikuwa yakipita juu yake. Waliweka kipoyi chini. Evode akaingia na fimbo, akapima gogo moja baada ya jingine, akarudi maji yakimfika mapajani.

"Inapita. Lakini inapanda. Tuende sasa ao tulale hapa."

Libérata alikuwa ameinama juu ya Omer. Aliweka vidole shingoni mwake, akaviacha hapo. Kisha akavuta pembe ya kitenge na kumfunika uso.

"Sababu ya mvua," akasema. "Amelala. Kamata muti, Mama Merdi. Mukono yako isiteleze."

Waliingia. Maji yalivuta magoti ya Kavuo kama mtu anayemshika nguo. Gogo la katikati lilizunguka chini ya mguu wake, akayumba, lakini hakuuachia mti. Alisema kwa sauti, mpaka ng'ambo, "Tunafika, Papa Merdi. Tunafika. Tunafika."

Ng'ambo walikutana na wanaume waliotoka mashambani na mihogo. Hakuna aliyewaita. Huko, ukikutana na kipoyi, unaweka mzigo wako chini na kuchukua mti. Mmoja wao, Léopold, alitazama kitenge juu ya uso, kisha akamtazama Libérata. Libérata akatikisa kichwa kidogo, kumkataza asiseme. Léopold akaingiza bega chini ya mti, wakaanza kutembea haraka.

Mabega ya Kavuo yalikuwa huru. Akaja pembeni ya kipoyi na kuutafuta mkono wa mume wake, nao haukumshika.

Alitembea na mkono ule mpaka Itebero. Watu walitoka kwenye milango. Muuguzi wa kituo, Papa Esdras, alifunua kitenge, akakirudisha taratibu, akavua kofia yake.

Baadaye, nyumbani kwa Uwitonze, mtoto mchanga akilia chumba cha pili, Kavuo aliuliza, "Ulijua tangu ku muto?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ungeacha muti, mutoto yangu," Libérata akasema. "Na mayi ilikuwa inapanda."

Evode alikaa mlangoni mpaka asubuhi. Kwa majuma alilisema neno lile lile, gia ilikuwa ndani, kwa watu ambao hawakumuuliza. Siku moja aliacha kulisema.

Omer yuko Itebero, katika makaburi ya nyuma ya kapela. Gari lilivutwa na lori, likawekwa diski nyingine na breki ya mkono inayoshika. Evode ndiye dereva. Anabadilisha diski kabla haijaanza kunuka, na wenzake wanamcheka kwamba anatupa kitu kizima. Kavuo anakaa mbele, kigogo kati ya miguu yake. Kwenye kilima kile hawasimami.

Alhamisi wanapakia Karuba. Mama Libérata ameshavuna maharagwe mapya.