Maneno ya Greta, Mdomo wa Emmett

"Greta, mbona kimya? Nisemeshe basi."

Greta Niemi alikuwa kwenye chumba cha mitambo mbele ya skrini nne, hedifoni kichwani, kikombe cha kahawa iliyopoa mkononi. Alimsikia Emmett vizuri sana. Hakujibu.

"Greta? Maneno yananiishia huku."

"Kamera ya pili, baki na mpira," Greta alisema. Lakini hayo aliwaambia wapiga picha wake, si Emmett. Akatoa kidole kwenye swichi, akanywa kahawa yake mbaya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mechi ya kwanza ya msimu mpya. Timu ya mpira wa kikapu ya wasichana ya Chuo cha Copper Bay, wale wanaoitwa Nungunungu, walikuwa wanacheza nyumbani, na televisheni ya wanafunzi ilikuwa inarusha mpira huo mubashara kama kila mwaka. Greta ndiye aliyeongoza matangazo. Mpenzi wake, Emmett Laakso, ndiye mtangazaji, amekaa pembeni ya uwanja na tai yake shingoni. Sikioni alikuwa na kidude ambacho Greta alikitumia kumnong'oneza. Mezani alikuwa na kitufe cha kukohoa: akikishikilia, watazamaji hawamsikii, anayemsikia ni Greta peke yake.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka mitatu. Ukitaka ukweli wote, hivyo ndivyo walivyopendana.

Emmett alijaliwa sauti, ile ya kumfanya mtu aache kuosha vyombo asikilize. Maneno ndiyo hakujaliwa. Greta yeye maneno alikuwa nayo mpaka yanamwagika, ila sauti yake mwenyewe hakuipenda hata kidogo. Walipokutana mwaka wa kwanza, akaanza kumnong'oneza majina ya wachezaji. Baadaye yakawa masimulizi yao. Baadaye sentensi nzima nzima, na Emmett akawa anazitoa kama zimezaliwa kifuani mwake. Kijana mwenyewe hakuwa na makuu. Hata pankeki alipenda zilizoungua.

Machi iliyopita, dhoruba ilifunga mji mzima, mashabiki wakabaki majumbani wakitazama kwenye simu. Sekunde ya mwisho, Dani Proulx akarusha mpira kutoka katikati ya uwanja ukaingia. Greta akanong'oneza, Emmett akapaza sauti: "Theluji imefunga barabara zote, lakini mpira umepita!"

Sentensi ile ikachapishwa kwenye fulana. Watu wakawa wanamnunulia Emmett kahawa njiani. Greta alifurahi naye, kweli alifurahi. Aliinunua fulana moja kwa hela yake.

Sasa mchana huu, kabla ya mechi, Greta alikuwa amepiga magoti akitandaza nyaya, mgongo unamuuma, ndipo Bree Dufresne akampita. Bree alikuwa mchezaji wa zamani, goti likamharibikia, na sasa alikaa mezani na Emmett kuchambua mchezo.

"Hongereni kwa Green Bay," Bree alisema. "Mmeshapata pa kuishi?"

"Green Bay kuna nini?"

Bree akaangalia nyaya, akaangalia viatu vyake, akasema amesahau kitu kwenye gari.

Greta alimkuta Emmett mlangoni akifunga tai. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka tangu Agosti: ratiba yeye, kamera yeye, kubembeleza watu waje kazini yeye. Nguvu za kelele angezitoa wapi?

"Wamekupa kazi lini?"

"Jumanne. Nilitaka nikuambie baada ya mechi."

"Bree amejuaje?"

"Alikuwepo wakati napigiwa. Greta, usikasirike. Nimekuombea na wewe nafasi huko. Mambo yatakuwa kama hapa hapa. Wewe ndani, mimi nje."

"Walipenda nini kwenye kanda yako?"

Emmett akakaza tai. "Ile ya theluji. Bi Haugen, bosi wa televisheni ya huko, anasema hajawahi kusikia sentensi kama ile kwa mwanafunzi. Leo anatutazama."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante."

Greta akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Akaingia chumba cha mitambo, akakaa. Palepale akakata kauli kwamba leo hatampa Emmett hata neno moja.

Ndiyo hali tuliyowakuta nayo. Na kama ungekuwa unatazama, ungemhurumia kijana.

Msimu ulikuwa mpya kwelikweli. Dani Proulx na wenzake walikuwa wameshahitimu, na wasichana waliobaki walikuwa wanachapwa bila huruma. Emmett aliwataja kwa rangi ya viatu. Mara moja alisema mpira uko kwa yule mrefu, na warefu walikuwa sita. Bree alijitahidi kumbeba, lakini naye alishaona kuna moto unafuka, akawa anaongea kwa tahadhari.

Simu ya Greta ikatetemeka. Ni mama yake.

"Emmett anaumwa? Anaongea kama anasoma karatasi ya dawa."

Greta akajibu: "Mzima."

Robo ya tatu, Nungunungu wakiwa nyuma kwa pointi ishirini na nne, kocha akaomba mapumziko. Matangazo ya duka la matairi yakaingia hewani. Emmett akashikilia kitufe, na sauti yake ikaja hedifoni mwa Greta ikiwa imepungua kabisa.

"Unanikomoa."

Greta alikuwa ameapa kunyamaza. Lakini neno lile lilimchoma, akabonyeza swichi.

"Sikukomoi, Emmett. Nimechoka."

"Umechoka na mimi?"

"Nimechoka kuzungumza na mimi mwenyewe. Ndicho ninachofanya miaka mitatu. Nakunong'oneza neno, unalisema, nafurahi kama vile nimeambiwa kitu."

"Sio kila kitu..."

"Mara ya kwanza kuniambia unanipenda ilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Mwaka wa kwanza, wakati wa mapumziko."

"Nilikuambia nini kabla?"

Greta hakumsubiri.

"Nilikuambia, 'Sema nakupenda, Greta.' Nilikuwa natania, na wewe ukarudia vilevile, na mimi mjinga nikalia. Siendi Green Bay kukaa kwenye kiti kingine nikutilie maneno mdomoni mpaka uzeeni. Nataka mtu aniambie kitu ambacho sikukitunga mimi. Kimoja tu. Hata kiwe kibovu."

Hapo sauti ya tatu ikaingia. Ilikuwa ya Nadine, mpiga picha wa kamera ya tatu.

"Samahani, bosi. Tunakusikia wote."

Greta akatazama kidole chake. Kwa hasira alikuwa ameshika swichi ya wote badala ya ile ya Emmett. Wapiga picha wote, wa maandishi ya kwenye skrini, wa sauti, kila mwenye hedifoni jengo zima alikuwa amelisikia pendo lake likianikwa. Joto likampanda mpaka masikioni.

"Endelea tu," Nadine akasema kwa upole. "Mechi yenyewe ilishakufa."

Greta hakuendelea. Mpira ukarudi uwanjani, naye akaongoza kazi yake, kamera ya kwanza, kamera ya pili, sauti imekauka. Kamera ya tatu ilipaswa kuonyesha benchi la wageni. Nadine, bila kuagizwa na mtu, akaigeuza taratibu mpaka ikamlenga Emmett. Picha ile haikwenda hewani. Ilibaki kwenye skrini ya tatu, mbele ya macho ya Greta.

Watangazaji huwa hawapigwi picha mchezo ukiendelea. Miaka mitatu Greta alikuwa anamsikia Emmett tu. Hakuwa amewahi kumwona akiwa kazini hata siku moja.

Kijana alikuwa amelowa jasho shingoni. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kile kidude cha sikioni, amekikandamiza kama anayetafuta redio ya mbali. Anasema sentensi moja, anasita, anasubiri, macho amefumba. Kumbe alivyokuwa akimsikiliza, alikuwa anafumba macho. Greta hakulijua hilo, na sasa alipolijua akatamani asingelijua, maana lilimlainisha.

Alikuwa na maneno mengi ya kumpa wakati ule. Akayazuia. Ilimuuma kuyazuia kuliko ilivyomuuma kuyatoa miaka yote.

Robo ya nne ikaenda hivyo hivyo mpaka ikabaki dakika moja. Wachezaji wenyewe walikuwa wanatembea. Emmett akafumbua macho, akakitoa kile kidude sikioni, akakiweka mezani. Bree akamgeukia kwa mshangao.

"Watazamaji," Emmett alisema hewani. Akakohoa bila kubonyeza kitufe. "Kuna kitu nataka kusema. Ile ya theluji, mnayovaa kwenye fulana. Sikuitunga mimi. Aliitunga Greta Niemi. Jina lake huwa linapita mwishoni, haraka haraka, hamlioni. Na nyingine zote mlizozipenda ni zake. Mimi nina sauti tu." Akasita. "Leo mmenisikia mimi mwenyewe. Nadhani mmeona tofauti. Tumefungwa, na tumefungwa vibaya. Ni hayo."

Greta alishika meza. Bi Haugen alikuwa anatazama, na Emmett alijua anatazama. Kwa maneno yale mafupi kijana alikuwa ameichukua kazi yake ya Green Bay na kuiweka katikati ya uwanja mtu yeyote aikanyage.

Kengele ikalia. Greta akayaachia majina yapite mwishoni, na safari hii akayapunguza mwendo, yote, la Nadine na la kila mtu. Jina lake mwenyewe lilipofika hakulitazama. Alikuwa anatazama skrini ya tatu.

Emmett alikuwa ameshakirudisha kidude sikioni. Akabonyeza kitufe.

"Greta. Upo?"

"Nipo."

"Mimi kuongea siwezi, unajua. Nimefikiria robo nzima nimepata hii moja." Akashusha pumzi. "Kila Jumapili unapika pankeki huku unasoma, na kila Jumapili unaziunguza. Mimi sipendi zilizoungua. Sijawahi kupenda. Nilisema napenda ili wewe ule zile nzuri. Basi. Sina nyingine."

Nadine, aliyekuwa hatua chache tu kutoka meza ya Emmett, akasikika akivuta kamasi, akasingizia vumbi.

Greta akavua hedifoni, akainamisha uso kwenye meza ya mitambo, akalia. Hakulia kwa furaha tu. Alilia uchovu wa tangu Agosti, na wa kabla ya Agosti. Sentensi yenyewe haikuwa na ufundi. Ila katika maisha yake hakukuwa na aliyewahi kumwambia kitu kama kile, na yeye hakuwa amekinong'oneza.

Alipotoka kwenda uwanjani, watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Kwa kawaida watangazaji huvaa makoti yao na kuondoka, nyaya huachiwa wengine. Leo Emmett alikuwa katikati ya uwanja, tai imelegea, anazungusha waya kwenye kiwiko kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo. Waya wa kamera haukunjwi hivyo, unakatika ndani. Greta aliuona akauacha kwanza.

"Amenitumia ujumbe," Emmett alisema, akamnyooshea simu.

Ujumbe ulisema: "Nimeona mechi. Kwa hiyo ile sentensi si yako. Una la kuniambia?"

"Ni Bi Haugen huyo," Emmett akasema. "Nimjibu nini?"

Greta alikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, moja lingemyeyusha hata jiwe. Yalimfika kwenye ulimi. Akayameza.

"Jibu mwenyewe."

Emmett akakaa sakafuni, akaandika kwa vidole gumba, akafuta, akaandika tena. Akatuma. Hakumwonyesha.

"Umemwambia nini?" Greta akauliza mwishowe.

"Kwamba ni kweli. Na kwamba kazi bado naitaka, ila sijui kama naiweza."

Sentensi ilihitaji kunyooshwa. Greta alishaona hata pa kuikata.

"Ni nzuri?" Emmett akauliza.

"Ni yako."

Akakaa sakafuni karibu yake, akamtoa ule waya kwenye kiwiko, akaanza kumwonyesha unavyokunjwa, duara moja juu, jingine chini. Mikono yao ikagongana mara mbili tatu. Emmett hakusema kitu, na Greta hakumsaidia kusema. Alikuwa bado amechoka. Uchovu ule ulikuwa hauondoki leo wala kesho, na la Green Bay walikuwa hawajalimaliza, lakini waya ulikuwa unakunjika.

"Kesho ni Jumapili," Greta alisema.

"Najua."

"Zilizoungua nitakula mimi."

Emmett akamtazama. "Hutazipenda."

"Najua," Greta akasema, akamsogezea waya mwingine.