Kibati Namba Arobaini na Moja

Walimtoa shimoni saa kumi alasiri, muda wa saa mbili baada ya baruti kulipuka. Inspekta alimtazama mara moja, akaomba turubai lirudishwe. Alikuwa na miaka thelathini kazini na bado hajazoea. Siku hizi alikuwa amechoka hata kujifanya amezoea.

Marehemu alikuwa mpiga drili, mtu wa miaka hamsini kasoro. Mgodini walimwita Redio, kwa sababu hakujua kuongea polepole. Akikusalimia asubuhi, kambi nzima ilisalimiwa.

"Uzembe wake mwenyewe, afande," alisema msimamizi wa zamu. Alikuwa na haraka ya kuandika neno hilo kwenye ripoti. "King'ora kimelia mara tatu, wenzake wote wametoka, yeye kabaki. Sasa mimi nifanyeje?"

"Nani aliruhusu kulipua?"

"Ubao."

Alimpeleka mlangoni mwa shimo. Ukutani palikuwa na ubao wa mbao wenye misumari, na kwenye kila msumari kulining'inia kibati cha shaba chenye namba. Mchimbaji huingia na kibati chake mfukoni, akitoka anakitundika. Mlipuaji hagusi kitufe mpaka misumari yote ijae.

"Na saa nane mchana ilikuwa imejaa?"

"Yote arobaini na miwili. Mlipuaji kahesabu, na mimi nimehesabu."

"Redio alikuwa namba ngapi?"

Msimamizi aliunyooshea ubao kidole. "Arobaini na moja."

Kibati namba arobaini na moja kilikuwa pale pale, kimetulia kwenye msumari wake. Inspekta alivaa glavu, akakitungua na kukitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Mtu alibaki ndani, kibati kikatoka," alisema. "Futa hilo neno uzembe kwanza."

Haikuwa kazi kumpata aliyekitundika. Wachimbaji watatu walimwona, wala mwenyewe hakukana. Alikuwa mwenzake Redio kwenye drili, tena shemeji yake, kaka wa mke wake. Walimwita Kivuli, maana miaka sita hakuachana na Redio hatua tano. Alikuwa amekaa juu ya kreti, vumbi limemganda mpaka kwenye kope.

"Kilikuwa kwenye koti lake," alisema Kivuli. "Koti huwa tunalitundika pale kwenye kona ya handaki. King'ora kilipolia nilikuwa kwenye kona. Yeye alishazima drili, anakusanya vyuma vyake. Nikamwita."

"Kutoka wapi?"

"Pale pale konani. Kama hatua kumi na tano."

"Alikuwa anakutazama?"

"Alinipa mgongo. Nikasema, 'Shemeji, king'ora!' Akajibu, 'Nitundikie kibati changu, nakuja.' Nikajua yuko nyuma yangu." Alifuta uso kwa kiganja. "Tunatundikiana, afande. Ni makosa, lakini tunatundikiana."

Maelezo yalikaa vizuri. Koplo, mwanamke mwenye mwandiko wa kupendeza, aliyaandika yote, na Kivuli akatia sahihi. Inspekta alitamani aamini aende nyumbani. Sikio lake la kulia lilikuwa na mlio kama wa nyenje, zawadi ya uwanja wa shabaha wa chuo cha polisi, na kelele za mgodi zilikuwa zimeuamsha.

Asubuhi yake alikwenda kwa mjane.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mwishoni mwa safu ya nyumba za wafanyakazi. Inspekta aligonga mlango. Kabla hajashusha mkono, taa ya sebuleni iliwaka ikazimika, ikawaka ikazimika. Mjane alifungua, akaitazama swichi iliyokuwa chini ya kidole chake kana kwamba si yake.

"Nisamehe," alisema. "Mazoea. Mtu akigonga, huwa nampepesea taa baba watoto ajue kuna mgeni."

"Hasikii mlango?"

"Mlango?" Alicheka kidogo. "Mwanangu wa mwisho alizaliwa chumba hicho hapo. Yeye alikuwa sebuleni, anangoja kusikia mtoto akilia. Mtoto akalia, mkunga akamwita, hakuja. Ilibidi mtu aende kumshika bega."

Inspekta alikaa bila kukaribishwa.

"Mama, kadi ya zahanati ya mgodi inasema masikio yake ni mazima. Alipimwa mwezi uliopita."

"Kadi inasema." Mjane aliinuka, akaleta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa miadi ya daktari wa masikio mjini, siku ya Ijumaa. "Alisema amechoka kujifanya. Alisema atamweleza huyo daktari kila kitu, jinsi yeye na wenzake wanavyofaulu vipimo. Kule chini wako kumi na tatu wasiosikia, na wenyewe wanajuana. Mimi nikamwambia watakutoa kazini. Akasema, 'Mke wangu, sijui hata sauti ya mwanangu ikoje.' Alinipigia kelele, maskini, akidhani ananinong'oneza."

"King'ora alikisikiaje?"

"Hakukisikia. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akimshika bega. Kila siku, miaka sita." Alimtazama Inspekta, na taratibu uso wake ukabadilika. "Kwani jana hakumshika?"

Inspekta aliiomba ile karatasi ya miadi, akaitia mfukoni. Aliaga.

Zahanati ya mgodi ilikuwa na chumba kidogo cha kupimia masikio, kama kabati lenye kioo. Mpimaji alikuwa bwana mpole wa makamo, anayeona haya kabla hajaulizwa. Inspekta aliingia ndani, akavaa vipokea sauti.

"Ukisikia mlio, nyosha kidole," mpimaji alimwambia.

Inspekta alingoja. Mara nyingi hakusikia kitu, ila kioo kilimwonesha kiwiko cha mpimaji. Kiwiko kilinyanyuka kila alipobonyeza. Inspekta akaacha kusikiliza, akawa ananyosha kidole kwa kukitazama kiwiko.

"Masikio ya kijana, afande! Hongera!"

"Sikusikia hata nusu," Inspekta alisema akitoka. Mkewe kila siku alimlalamikia kwamba anafungulia televisheni kwa ajili ya mtaa mzima. "Umelijua hili tangu lini?"

Mpimaji aliinamisha kichwa. "Wananiomba, afande. Wakifeli wanapelekwa juu kufagia. Mimi nao tunaishi safu moja. Ningewatazamaje?"

"Hawapewi vikinga masikio?"

"Wanapewa. Wanavitoa. Wanasema mwamba unalialia kabla haujaanguka, sharti wausikie. Basi wanavitoa wausikilize, na drili inawamaliza. Niliomba drili zenye kizuia sauti na zamu fupi. Niliomba miaka minne." Alifungua droo, akatoa nakala za barua zake. "Kisha nikachoka."

Inspekta alizichukua barua zile. Alimkasirikia yule bwana, kisha akamwonea huruma, na vyote viwili vikamchosha.

Mchana ule Kivuli aliitwa kituoni. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha. Koplo alimwekea kikombe cha chai. Inspekta alisimama dirishani, nyuma ya Kivuli, upande wa kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Chai inakumwagikia kwenye suruali."

Koplo aliruka kutazama. Kivuli hakutikisika. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Inspekta alizunguka, akaketi mbele yake. "Sikio la kushoto limekwisha lini?"

Kivuli aliganda. "Masikio yangu mazima. Kadi yangu..."

"Kadi zenu zimeandikwa na kiwiko cha mpimaji. Nimepimwa leo, nami nimefaulu. Jana ulisema ulimwita Redio kwa nyuma, hatua kumi na tano."

"Ndiyo."

"Akakujibu."

"Ndiyo."

"Hukumshika bega."

"Hapakuwa na haja, afande, alikuwa anasi—"

Aliishia hapo. Inspekta aliweka mezani kadi ya Redio, na juu yake karatasi ya miadi ya Ijumaa.

"Uongo wako ungemtosha mtu anayeiamini kadi hii. Wewe mwenyewe hukuiamini hata siku moja. Ulisahau tu kwamba na sisi tungeweza kuacha kuiamini."

Koplo alimsomea haki zake za mtuhumiwa. Kivuli alimkodolea macho midomoni mpaka alipomaliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha alianza kusema, na sauti yake ilipanda juu kuliko chumba kilivyohitaji.

"King'ora nilikisikia kwa sikio la kulia. Limebaki hilo, tena nusu. Nikachukua kibati chake kwenye koti. Nikamfuata mpaka nyuma yake. Nilinyanyua mkono, afande. Wallahi niliunyanyua."

"Halafu?"

"Nikaushusha."

Koplo aliacha kuandika.

"Nilimsihi wiki nzima. Nikamwambia, shemeji, usiende Ijumaa. Ukisema habari ya kiwiko watatupima upya wote, na mimi nimo. Akasema ndiyo, na wewe umo, ndiyo maana naenda. Anasema ananiokoa! Miaka kumi na tisa nimepiga drili. Mwamba naujua kwa miguu. Nikitolewa juu mimi nani? Mtu wa kupewa ufagio, watoto wanamcheka hasikii." Machozi yalichimba njia mbili kwenye mashavu yake. "Nilifikiri, leo sikumshika tu. Sijafanya kitu. Kutofanya kitu si kuua."

"Ukaenda kutundika kibati."

"Nikaenda kutundika kibati."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mjane alikuwa amekuja kituoni baada ya Inspekta kuondoka kwake, akasubiri kwenye korido. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza, na sauti ya kaka yake ilikuwa imepenya ukuta. Koplo aliinuka amzuie. Inspekta alimwashiria amwache.

"Kaka," aliita kutoka mlangoni.

Kivuli hakugeuka. Mlango ulikuwa upande wake wa kushoto.

Mjane alitaka kuita tena, akajizuia. Aliizunguka meza taratibu, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa kaka yake, midomo yake ionekane vizuri, kama alivyomfanyia mumewe miaka yote ile.

"Alikuona?" aliuliza. "Uliponyanyua mkono, alikuona?"

Kivuli alitikisa kichwa. "Alikuwa amenipa mgongo."

"Hakugeuka hata kidogo?"

"Hajawahi kugeuka, dada. Hata siku moja. Alikuwa akijua nipo."