Hewa ya Mfuko wa Mkate

Mashine iliyoitwa Chujio ilipakua miaka kumi na miwili ya hewa ya Tanga kwa dakika nne. Ilivuta vipimo vya vihisihewa elfu mbili mia tatu, visanduku vilivyotundikwa kwenye kuta za nyumba kati ya mwaka 2051 na 2063 ili kupima vumbi la moshi. Ikaondoa vipimo vilivyojirudia, ikasawazisha saa, ikafuta namba zisizowezekana, kisha ikakipa kila kihisi alama ya uaminifu.

Leokadia Mwinuka, mhandisi wa takwimu, alikuwa mtu pekee kwenye ghorofa hiyo. Wenzake kumi na mmoja walihamishwa Chujio ilipoletwa. Yeye alibakizwa kwa sababu sheria ilitaka saini ya binadamu.

Kihisi namba 1408 kilipata alama tisini na tisa kwa mia. Kilikuwa kimetundikwa ukutani kwa Mwanaidi Shebughe, mpika vitumbua wa zamani, ambaye sasa aliomba mapafu mapya yaliyokuzwa maabara. Sheria ya fidia ilikuwa fupi: mapafu hupewa mtu ambaye kihisi cha nyumbani kwake kilivuka kikomo. Cha kwake hakikuvuka hata siku moja.

Leokadia alifungua data ghafi. Kila siku, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kipimo cha vumbi kilisimama karibu na sifuri na unyevu haukubadilika. Hewa ya nje haitulii hivyo. Chujio ilikuwa imekiona kihisi kisichoyumba, ikakisifu.

Akampigia mwombaji. Sura ya kikongwe ikatokea kwenye kioo, mrija wa oksijeni puani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mapafu?"

"Mimi ni wa vipimo. Kile kisanduku cha ukutani, alfajiri ulikuwa unakifanyaje?"

Bi Mwanaidi akacheka hadi akakohoa. "Nilikivalisha mfuko wa mkate, nikakikaza kwa mpira! Jiko la kuni lilikuwa chini yake. Waliokifunga waliniambia, mama, hii mali ya serikali, itunze isichafuke. Cha jirani yangu Mama Hozza kilikuwa cheusi kama tako la chungu. Changu kiling'aa."

"Ukakivua saa ngapi?"

"Nikishaepua vitumbua vya mwisho. Saa mbili."

Leokadia alimweleza bila kupunguza neno. Kihisi kilipima hewa iliyofungiwa mfukoni. Zile saa nne za kila alfajiri zingefutwa, zaidi ya saa elfu kumi na saba, na ndizo saa alizovuta moshi.

"Si uzijaze tu, mwanangu? Nani atajua?"

"Chujio inaweza kuzikadiria kwa vipimo vya jirani. Sheria haikubali makadirio."

Mrija ulisikika ukipuliza.

"Kwa hiyo kingechafuka, ningepata mapafu."

"Huenda."

"Mama Hozza je, alipata?"

"Alifariki kabla ya sheria kupita."

Leokadia akafuta zile saa. Mahali palipokuwa na namba akaandika: *haikupimwa*. Jibu la ombi likabadilika palepale, kutoka "hewa ilikuwa safi" kuwa "ushahidi hautoshi". Majibu yote mawili hayakuwa na mapafu ndani yake. Akamsomea jibu lile jipya, kisha akatia saini.

"Angalau hawatasema nilidanganya," alisema Bi Mwanaidi.

"Hawatasema."

"Haya." Kisha, haraka: "Usikate kwanza. Tangu wajukuu wahamie Dodoma, wanaonipigia ni waliokosea namba. Niulize kingine."

Fomu haikuwa na swali jingine. Leokadia alitazama ghorofa nzima, meza kumi na moja zilizofunikwa turubai. Yeye pia hakuwa ameongea na mtu tangu Jumatatu.

"Hivyo vitumbua," alisema, "uliweka iliki?"

"Iliki? Keti nikueleze."