Mchumba Asiyekunywa Maji

Walianza kwa ugomvi, kwenye duka la barafu lililo jirani na stendi, watu wamejazana hadi mlangoni. Ulikuwa umebaki mfuko mmoja. Msusi, mwenye saluni yake mtaa wa bondeni, aliushika upande huu. Upande wa pili aliushika kijana mrefu, mabuti yamejaa tope, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Dada, hii ni ya kazi. Chupa zangu za maji zikipata joto, vipimo vinaharibika."

"Na soda za harusi ya dada yangu zikipata joto, nitakayeharibika ni mimi. Achia."

Wakagawana barafu, kisha wakapeana namba za simu.

Kijana alikuwa mpima maji wa dampo la zamani. Dampo lilishafungwa na kufunikwa udongo, nyasi zikaota juu. Kazi yake ilikuwa kuchota maji kwenye visima vya uchunguzi vilivyolizunguka, na kwenye kijito cha chini yake, ayapeleke maabara.

"Umekula, mpenzi?" kijana akawa anamuuliza msusi kwa simu kila jioni.

"Nimekula. Wewe umenawa, mwanamume wa matope?"

"Nimenawa mpaka nimebadilika rangi."

Akaanza kwenda nyumbani kwa kina msusi kila Jumapili, ananukia vizuri, amevaa shati la buluu. Mama wa msusi alimpenda, ila jambo moja lilimkera. Akiwekewa maji, hagusi. Akiletewa chai, inapoa mbele yake.

"Huyu anatudharau," mama akasema. "Anajiona."

Msusi akampigia simu. "Kwetu pachafu?"

"Hapana, mpenzi."

"Mbona hunywi hata tone?"

Mpima maji akasema, "Nakuja."

Alifika bado amevaa mabuti, akakataa kiti. Akawaambia kwamba tangu mvua zianze, uchafu wa dampo ulikuwa umepenya ardhini hadi kwenye visima vya bondeni, na chao kilikuwamo. Maji yale hayafai kunywewa, hata yakichemshwa. Bosi wake alikataza wasitangaze mpaka vipimo virudiwe. Vilirudiwa, majibu yakawa yale yale, bosi akasema tena wasubiri.

"Nilidhani una maringo," mama akasema. "Afadhali yangekuwa maringo."

Msusi hakupandisha sauti. "Dada yangu ana mimba. Anakunywa maji hayo, na wewe kila Jumapili umekaa hapa unamwangalia."

"Ningefukuzwa kazi."

"Basi umefukuzwa hapa."

Akamfungulia mlango. Kijana akatoka, msusi akaubamiza. Aliomba maji safi kwa shangazi yao wa ng'ambo ya barabara kuu, akafunika kisima kwa bati, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaonya majirani. Saluni hakufungua. Mpima maji alimpigia simu tena na tena, hakupokea.

Wakazi walipoandamana hadi ofisini kwa bosi, akalazimika kuitisha mkutano hapo hapo. Alikuja na suti ya kijivu, akasema hakuna sababu ya hofu.

"Ipo," ikasikika sauti kutoka nyuma. Mpima maji alisimama. Alitaja mitaa iliyoathirika, mmoja baada ya mwingine, na kemikali zilizoonekana. "Niliyajua haya nikanyamaza. Msinywe maji hayo."

Hawakumpigia makofi. Mama mmoja alimtemea mate miguuni. Bosi akamnyooshea mkono, "Huna kazi tena. Nipe funguo za gari la ofisi," naye akazitoa mbele ya watu wote. Siku ile ile malori ya maji safi yakaahidiwa, na wakazi wakaapa kutoondoka ofisini mpaka wayaone.

Msusi, kilemba kimemlegea kwa kupiga kelele, alimkuta nje ameegemea ukuta.

"Usidhani umeoshwa," akamwambia.

"Sidhani."

"Nina hasira na wewe mpaka kifua kinauma. Na nimekukumbuka, nalo linaniongezea hasira."

"Nikasirikie. Ila nikasirikie ukiwa mke wangu."

Msusi akamkazia macho, machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguvu. "Nitakusumbua miaka mingi."

"Nitakuwepo."

"Dada kalazwa, wanampima damu. Twende. Kama majibu ni mabaya, utayasikia ukiwa umekaa karibu yangu."

Akatangulia kwa hatua kubwa, bila kumngoja, mkono mmoja ameuacha nyuma. Mpima maji akaukimbilia.