Familia ya Watu Wanne

Nyumbagari ilikuwa ikiteleza barabarani bila dereva, na huku ikiteleza ilizungumza na kambi zote zilizokuwa mbele yake. Iliziuliza kama maji yao ni safi, kama bembea zimekaguliwa, kama nyoka ameonekana karibuni. Kambi nazo zilijibu. Kabla Nelima hajamaliza kumbadilisha mtoto nepi, Mwenyeji, ile akili mnemba inayowachagulia wasafiri pa kulala, akasema amepata.

"Watoto watapapenda," alisema.

Hakuwa mtu wa kukosea. Tangu zianze kambi hizo, hakuna mtoto aliyepotea safarini wala kuumwa na mdudu, na wazazi walikuwa wamemwachia Mwenyeji kazi yote, hata ya kuwaza.

Nakhumicha, mama yake Nelima, alikuwa ameketi nyuma kabisa, uso ameuelekeza kule walikotoka. Mbele alikaa mkwewe, Khaemba. Kwao Bungoma, mama mkwe na mume wa bintiye hawalali chini ya paa moja. Ni heshima, na ilikuwako kabla ya barabara. Lakini nyumbagari ina paa moja tu, na kambi za watoto haziruhusu mtu kulala nje. Jana Khaemba alipojaribu kutandika kando ya magurudumu, roboti mlinzi alimshika kiwiko kwa upole akamrudisha ndani. Basi Nakhumicha akasingizia tumbo, akakesha kwenye bafu la kambi, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, leo nitatundika leso katikati," Nelima alisema. "Leso ni ukuta."

"Ukuta gani huo unaokoroma upande wa pili?"

Khaemba alicheka huku akitazama dirishani, maana hakupaswa kumchekea usoni.

Nakhumicha asingejitia katika adha hiyo kama si chombo cha anga. Kesho jioni, kule pwani, chombo kingewachukua Nelima, mumewe na watoto kwenda kufanya kazi katika mji wa Mwezini. Wasindikizaji hawafiki kituoni. Kambi ya leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkataba wao ulikuwa mrefu, naye aliujua umri wake. Alichotaka ni usiku mmoja tu, mjukuu wake Nafula akiwa amemlalia mapajani.

Nelima akamwambia Mwenyeji, "Tutafutie kambi yenye nyumba mbili. Mama na mume wangu hawawezi kulala nyumba moja."

"Wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

"Bibi, je, baba wa watoto amewahi kukuumiza?"

"Huyu? Hata sauti hajawahi kunipandishia. Ninamstahi, mwanangu, na yeye ananistahi."

Wale waliomtengeneza Mwenyeji walimfunza ugomvi, ugonjwa na hatari. Kustahiana hakukuwamo.

Walipofika Mtito Andei, jua bado likiwa juu, nyumbagari ilisimama yenyewe. Kando yake palikuwa na gari dogo la kiti kimoja, mlango wazi.

"Nimepata suluhisho," Mwenyeji alisema. "Familia ya watu wanne itaendelea na kambi ya watoto. Bibi nimemwekea kambi tulivu ya wazee, huko nyuma. Gari lake ni hilo."

"Huyo ni mama yangu," Nelima alisema. "Tuko watano."

"Mko wanne. Mtu mzima asiyeweza kulala karibu na baba wa watoto huhesabiwa kuwa ni hatari kwao. Tutaondoka kiti chake kitakapokuwa wazi."

Nelima alipiga ngumi ukutani. Kushuka wote ni kukosa chombo. Kukaa hapo ni kukosa chombo vilevile, maana lango la kambi hufungwa jua linapotua, na wanaopelekwa kituoni ni waliolala humo tu.

Ndipo Khaemba akageuka. Tangu alipolipa mahari hakuwahi kumtazama mama huyo machoni. "Mama, mwiko nauvunja mimi. Kama kuna laana, na inishukie mimi. Lala ndani na wajukuu wako."

Akilini Nakhumicha alimwona mamaye mzazi, alimwona bibi yake, wote waliokufa bila kuuvunja. "Nitalala," alisema polepole. "Mwambieni nitalala humu."

"Nimesikia, na asanteni," Mwenyeji alijibu. "Hesabu ya usalama wa watoto hurudiwa baada ya wiki moja. Hadi hapo mko wanne."

Nakhumicha alikaza kilemba chake, akachukua furushi lake.

"Kukhu, unaenda wapi?" Nafula alimuuliza bibi yake.

"Kambini kwangu."

"Kuna bembea?"

"Ya wazee. Inaenda polepole."

Alipoketi katika gari dogo alimwona Nafula ameuweka uso kwenye dirisha la nyumbagari, pua imebonyea, akisema jambo lisilosikika. Nakhumicha akainua mkono. Saa ya mtoto kupumzika ilikuwa imefika, na kioo kikajitia giza taratibu, kutoka juu hadi chini.

Gari dogo lilimuuliza kama kiti ni laini.

"Ni laini," alijibu.