Mkono wa Kushoto

"Laza, huyo mtu wa ubeti wa tatu ni nani?"

Kwenye simu ilisikika ngoma ikijaribiwa, kisha mtu akaambiwa anyamaze.

"Ni wimbo tu, mpenzi. Ni mtu yeyote."

"Mtu yeyote anayeandika kwa mkono wa kushoto?"

Lazarus ToVarpin, mwimbaji wa bendi ya roki ya Majivu, akaanza kusema habari za mazoezi. Imelda Galue, mchumba wake, akakata simu.

Wimbo wenyewe uliitwa "Nani Alitia Sahihi?" Kwa wiki tatu ulikuwa umeuteka mji mzima wa Kokopo. Hata watoto wa darasa la nne alilofundisha Imelda waliuimba wakifuta ubao. Uliuliza nani aliiuzia kampuni ya magogo msitu wa Pomio, wilaya ya mbali na mji. Imelda, mzaliwa wa Pomio, aliupenda kama wengine, ila redio ilikuwa ikiukata kabla ya mwisho. Jana ndipo ilipoupiga wote, akausikia ubeti wa tatu:

Mkono wa kushoto ukachora jina,
mito ikageuka tope.

Watu wa Pomio waliohamia mjini hawakuhitaji siku mbili kumjua mwenye mkono huo. Baba yake Imelda, mzee Kosmas, aliyeandika kwa mkono wa kushoto, alirudi kutoka sokoni na kapu lake la popoo za kutafuna likiwa limejaa vilevile.

"Wamenisusa, mwanangu," alisema. "Nashangaa tu. Huyo mchumba wako wa Kitolai, si mtu wa kwetu, ameyajuaje?"

Imelda alijua. Siri ya sahihi ya baba yake alikuwa amempa mtu mmoja tu duniani.

Alimkuta Laza kwenye kibanda cha kukaushia kakao, bendi yake ilikofanyia mazoezi.

"Nilikwambia kwamba baba analia usingizini," alisema. "Nilikuwa nalia na mimi. Kumbe mwenzangu unatafuta vina?"

"Imelda, msitu umekwisha. Watu wana haki ya kujua."

"Wewe unajua nini? Ulimuuliza baba ile karatasi ilisemaje?"

"Hapana."

"Wimbo mzima unauliza, na mwenye jibu yuko hapo sokoni anauza popoo. Usinipigie tena."

Hakupiga. Siku ya tatu ukaingia ujumbe: "Naomba nije nimuulize mzee. Akinifukuza nitaondoka."

Imelda akajibu: "Mwombe yeye, si mimi."

Laza alikuja nyumbani kwao asubuhi, akaketi kwenye mkeka. Mzee Kosmas alitafuna popoo yake taratibu, akatema pembeni, ndipo akasema.

"Mkwe. Au nisikuite hivyo?"

"Niite utakavyo, mzee."

"Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Bwana mmoja wa kampuni akatusomea kwa Tok Pisin, lugha tunayoielewa. Akasema ni ya barabara na zahanati. Mimi nilitaka zahanati. Mke wangu alifia kwenye mtumbwi, tukimpeleka kujifungua."

Imelda, aliyesimama mlangoni, alijua mama yake alifia kwenye mtumbwi. Hakujua kwamba kifo hicho ndicho kilichomfanya baba atie sahihi.

"Unauliza nani alitia sahihi," mzee akaendelea. "Ni mimi. Mbona huulizi nani alisoma?"

Laza alitoa daftari, akasita.

"Mzee, naruhusiwa kuliandika hilo?"

"Andika. Jibu la swali lako la kwanza nitalitoa mwenyewe, jukwaani."

Siku ya Uhuru, saa tisa alasiri, uwanja ulijaa watu waliokuja kuisikiliza Majivu. Umati ulipouliza kwa sauti moja nani alitia sahihi, mzee Kosmas alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto.

"Mimi. Kosmas Galue."

Wapiga gitaa wakaacha kupiga. Laza akaimba peke yake, polepole: Nani aliwasomea? Aliyesoma "barabara", karatasi ikisema "magogo", yuko wapi leo?

Mwanamke mmoja wa Pomio, kati ya waliomsusa mzee sokoni, ndiye aliyeanza kumwitikia. Kisha wa pili. Kabla ubeti haujaisha, swali lilikuwa limehama, na aliyekuwa akiulizwa hakuwa tena mzee.

Nyuma ya jukwaa Laza alimfuata Imelda, jasho likimtiririka.

"Umenisamehe?"

"Baba amekusamehe. Mimi umeniibia machozi, Laza, ukayaimba."

"Najua. Nifanye nini?"

Imelda alimtazama kama mtu anayesoma karatasi neno kwa neno kabla ya kutia jina lake.

"Jumapili njoo ule chakula cha mchana kwetu. Gitaa liache nyumbani," akasema. "Mama yako mlete, aje azungumze na baba."