Boti Iliyojua Kwenda Yenyewe

Mjomba wangu Rewi alikuwa mkaguzi wa boti za matanga hapa bandarini Opua. Bila sahihi yake huendi bahari kuu, na kabla ya kuitoa, serikali ilimtaka ahesabu vizima-moto, maboya na filimbi. Asubuhi ile jua lilikuwa zuri. Alimaliza pai yake ya nyama gatini, akafuta ndevu, akaenda kuitazama boti iitwayo Kittiwake ikiwa bado nchi kavu.

Mwenyewe, Colin Strack wa Auckland, aliinunua baada ya mmiliki wa kwanza kupotelea baharini. Mtu hakurudi. Boti ilirudi, peke yake, bila mkwaruzo. Sasa Colin na mkewe Bronwyn walitaka kwenda nayo Tonga wiki ileile.

"Mkuku, huu uti wa chini, ni mfupi; hakuna cha kuishika majini," mjomba alisema. "Nyuma ni pana kama kitanda cha hoteli. Ukiachia usukani, itazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake."

"Umekuja kukagua au kutukana, mzee?" Colin aliuliza.

"Matusi ni bure."

Wakaishusha majini, wakatoka wote watatu hadi nje ya rasi ya Cape Brett. Upepo ulipokaza, Colin aliachia mpini wa usukani, mikono juu.

"Haya, mtaalamu! Mbwa wako yuko wapi?"

Boti ilienda. Moja kwa moja.

Mjomba akalegeza tanga la mbele, makusudi, aivuruge. Mpini ukasogea kidogo, ukarekebisha. Kisha akaona jambo lingine: kila dharuba ya upepo ilipokuja, mpini ulitangulia kusogea. Upepo ulifuata.

Akaushika. Ulikuwa baridi kote, isipokuwa sehemu moja, upana wa kiganja. Hapo palikuwa na joto.

"Tugeuke," alisema.

Akasukuma. Mpini ukamsukuma.

Bronwyn akanong'ona, "Colin, nani anatupeleka?"

"Ustadi wa fundi aliyeiunda, mpenzi."

Mbele hapakuwa na kitu ila bahari. Mpini haukulegea mpaka waliposhusha matanga yote. Wakarudi kwa injini.

Mjomba alikataa kutia sahihi. Lakini fomu ilidai sababu, na kanuni zetu, zinazojua kila msafiri anahitaji filimbi ngapi, hazina mahali pa kuuliza nani ameshika usukani. Akaandika alichoweza: filimbi moja imepungua.

"Filimbi!" Colin alifoka, gati zima likageuka. "Unanizuia kwa filimbi, mzee mwoga wewe!"

Akanunua filimbi. Mkaguzi mwingine akaihesabu, akatia sahihi.

Bronwyn alishusha begi lake, akalikalia palepale gatini. "Na huyo mimi siendi," alisema. Hakuwa akimtazama Colin; alitazama mpini.

Colin akaondoka peke yake, akitukana mpaka sauti ikapotea.

Mwezi haukuisha. Mchana mmoja, watu wakinywa chai, Kittiwake iliingia ghubani, matanga yamejaa. Ikapinda vizuri, ikapunguza mwendo, ikagusa gati taratibu.

Ndani hapakuwa na mtu. Filimbi zote zilikuwepo, polisi walizihesabu.

Mjomba hakutaka kupanda, lakini Bronwyn alikuwa akimtazama. Akapanda. Akapitisha kiganja juu ya mpini, polepole.

Baridi. Joto, upana wa kiganja. Baridi.

Kisha joto tena, kiganja cha pili.